Maswali ya wasomaji: Hivi vigoga vyote si ni kimoja tu?

Tangu tugusie habari za vigoga, yaani vile vimea vidogo vya kijani vinavyotanda kwenye magome ya miti na mawe, simu imejaa picha. Nyingi zinakuja mbili mbili na swali ni lile lile, hiki na hiki ni kimoja au viwili, na nyingi zimepigwa mtu kasimama wima kabisa kwa hiyo naona mti, naona na ng'ombe pembeni, kigoga chenyewe hakionekani. Nimechagua barua zinazowagusa wengi. Kabla ya yote tafuteni lenzi ndogo ya mara kumi, ile mafundi saa na masonara wanayobana jichoni, na kichupa cha maji. Bila maji hapa hamtoki, mtaona kwa nini.

Shikamoo mwalimu. Huku Lushoto ukiingia msitu wa Magamba miti imejaa ndevu zinaning'inia, zingine za kijivu, zingine kijani, zingine zimekaa rangi ya dhahabu hivi. Mdogo wangu anabisha kwamba zote ni kitu kimoja ila zimezeeka tofauti. Tusaidie maana tumebishana mpaka basi. (Msomaji, Lushoto)

Marahaba. Mdogo wako mwambie pole, hapo kuna vitu si chini ya vitatu, na kimoja wala si kigoga.

Anza na ile ya kijivu inayoelekea kijani kilichopauka. Chukua uzi wake mmoja, kama umekauka uloweshe kwanza, halafu ushike ncha mbili uvute polepole sana. Ganda la nje litakatika vipande vipande na katikati utaona uzi mweupe unavutika kama mpira. Ukiuona huo uzi mweupe basi mjadala umeisha, hiyo ni Usnea, na Usnea ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mwili mmoja. Haina majani hata ukiweka lenzi, ni matawi tu yanagawanyika.

Kigoga kina majani. Madogo sana, ila yapo, na yamepangwa kwenye kijishina. Sasa kwenye zile ndevu zenye majani ndo mnapochanganyikiwa, kwa sababu mnaangalia rangi, na rangi ya kigoga inadanganya kuliko kitu chochote, kile kile kimoja kikiwa kivulini ni kijani na kikiwa tawi la juu linalopigwa jua kinakuwa cha njano mpaka kahawia. Achaneni na rangi, angalieni mng'ao. Ile inayong'aa hata ikiwa kavu, na vijitawi vyake ni vya mviringo vimenenepa kwa sababu kila jani limebonyea ndani na kukumbatia lenzake, hiyo kwa sehemu kubwa ni Pilotrichella, na misitu yetu ya milimani imejaa hiyo. Ile iliyofifia, haina mng'ao kabisa, sehemu za zamani zimekuwa nyeusi nyeusi, majani yana ncha kali na yakikauka yanalala kwenye shina, hiyo ni kundi la Papillaria. Kufifia kuna sababu yake: seli za jani lake zina vijinundu juu, kwa hiyo mwanga ukifika unatawanyika badala ya kurudi.

Ukitaka uhakika zaidi bandua jani moja, liweke juu ya kioo cha simu kilichowashwa mwanga mweupe, tone la maji, halafu lenzi. Papillaria ina mshipa mmoja wa katikati unaopanda kupita nusu ya jani. Pilotrichella huoni mshipa wa maana, ukiuona ni mistari miwili mifupi chini kabisa. Mchezo huo wa simu na tone la maji ushikeni, nitaurudia.

Mwalimu habari. Kahawa yangu huku Marangu mashina yameota manyoya ya kijani mpaka kwenye matawi, mzee wangu anasema yananyonya mti na jirani kaniambia nipige dawa. Nifanyeje? (Mkulima, Marangu)

Hayanyonyi. Kigoga hakina mizizi ya kuingia kwenye mti, kina vinyweleo vya kujishikiza tu, maji yake na chumvichumvi anazipata kwa mvua, umande na vumbi linalotua juu ya majani. Kukiondoa ili mti "upumue" ni kazi bure.

Ila mzee hajakosea kuwa na wasiwasi, ni kwamba anamlaumu asiyehusika. Kigoga kikinenepa mpaka kwenye matawi membamba maana yake shamba lina kivuli kingi na hewa haipiti, na hali hiyo hiyo ndo inayopendwa na chule buni, ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Kwa hiyo pogolea kahawa, punguza matawi ya miti ya kivuli, vigoga vitapungua vyenyewe. Wale wanaosugua mashina kwa gunzi wanafanya hivyo kwa sababu ya bungua mweupe, mdudu anayetoboa shina na anayetaga kwenye nyufa za gome, hiyo ni kazi nyingine na ni ya maana, wala usiichanganye na hii. Na ukipiga dawa ya shaba kwa ajili ya chule buni utaona vigoga navyo vinanyauka, maana shaba haivipendi, ila usiende kununua dawa kwa ajili yao tu, hela yako utakuwa umeitupa.

Sasa mwalimu. Niko Nyeri, nimeanza kupiga picha za vitu vidogo. Kwenye gome la mti mmoja tu nina mbili ambazo siwezi kuzitenga, zote zinatambaa na kutoa vijitawi vifupi vimesimama, zote zina vikopo juu vyenye kofia ya nywele. Nimeziangalia wiki nzima ati. (Msomaji, Nyeri)

Poa sana. Na hongera, umeandika barua nzuri kuliko wengi kwa sababu umeangalia zinavyokua, hukuniambia "ni ya kijani". Hiyo namna ya shina kutambaa kwenye gome na kutoa vijitawi vya kusimama, pamoja na kofia yenye mikunjo na nywele juu ya kikopo (kile kijifuko kinachobeba spora, yaani chembe za kuzaliana), inatupeleka moja kwa moja kwa Macromitrium na Macrocoma. Ni ndugu, na zikiwa zimelowa hata mimi nikizitazama kwa macho matupu ni kubahatisha.

Subiri zikauke. Usizitoe, rudi tu hapo mchana wa jua. Macrocoma ikikauka majani yananyooka na kubana shina, kijitawi kinakuwa chembamba, nadhifu, kama hakijasumbuliwa na kitu. Macromitrium ikikauka majani yanajikunja na kujisokota, mengine yanazunguka shina, unaona fujo. Halafu mwagia tone la maji uangalie kwa lenzi hapo hapo, yanafunguka mbele ya macho yako. Hilo ni jambo la kurekodi video kabisa, na ukiweka video mbili pembeni pembeni hakuna mtu atakayekuuliza tena ni ipi.

Kuna wa tatu wa kumwangalia, Schlotheimia, anapenda gome na mawe ya huko huko juu. Huyo ana rangi ya kutu, na akikauka majani yamejisokota upande mmoja kwa mpangilio, kijitawi chote kinaonekana kimesukwa. Kofia yake haina mikunjo wala nywele za kusimama, ni laini, imekaa umbo la kengele. Kwa hiyo kofia kwanza, halafu majani makavu. Kofia zinadondoka kikopo kikikomaa, ukikuta hakuna tafuta kwenye vikopo vichanga, mara nyingi kuna moja bado imekwama.

Mhariri, mimi niko Tanga mjini. Minazi ya nyumbani ina kigoga cheupe, yaani cheupe kweli si kijani. Nilivyoenda Amani nikakuta cheupe kingine chini ya mti mkubwa, kimejaa mviringo. Ni hicho hicho kimepanda mlima? (Msomaji, Tanga)

Hapana, ila kosa lako lina heshima maana zinafanana kwa sababu moja. Majani ya zote mbili ni manene, yana tabaka za seli kubwa tupu zisizo na rangi na katikati zimefichwa seli za kijani. Zikikauka zile seli tupu zinajaa hewa, mmea unaonekana mweupe, zikilowa zinajaa maji na kijani kinajitokeza. Jaribu kumwagia maji ya kunywa uone.

Ya mnazini ni Octoblepharum albidum, inapatikana nchi za joto karibu duniani kote na minazi na michikichi ndo kwake. Majani yake ni bapa, yametawanyika huku na huku na yanakatika kirahisi ukiyagusa makavu. Ya Amani, kama inatengeneza mto mnene wa mviringo na majani yamejikunja kidogo kuwa mfereji, ni Leucobryum, ambayo inapenda kwenye ubaridi na unyevu zaidi, chini ya mashina na magogo yanayooza. Ukibahatika kukuta vikopo vimefunguka, weka lenzi mdomoni mwa kikopo, pana meno madogo yamezunguka pale. Octoblepharum ana meno 8. Leucobryum ana 16. Hesabu, andika, nenda ukale.

Na kwa kuwa uko pwani, kwenye mnazi huo huo angalia tena kuna kingine kifupi cha kijani cheusi cheusi, ncha za baadhi ya majani zimebeba kijirundo cha vumbi la kijani. Huyo ni Calymperes. Lile vumbi si ugonjwa, ni vipande vya kuzaliana, kila kimoja kikidondoka pazuri kinaanza mmea mpya bila hata kuhitaji kikopo.

Ukuta wetu wa zamani Mombasa una vigoga juu kwenye saruji na vingine chini kwenye mfereji wa maji machafu. Vinatofautiana au ni maji tu? (Msomaji, Mombasa)

Vya juu penye jua, vimebanana, vinang'aa rangi ya fedha vikikauka: Bryum argenteum, huyu yuko kila mji duniani, na ile fedha ni kwa sababu nusu ya juu ya jani haina kijani. Vya chini penye maji, majani mapana kidogo ambayo yakikauka kingo zake zinajikunja kuingia ndani: Hyophila involuta kwa uwezekano mkubwa, inapenda chokaa na saruji iliyolowa. Usivikwangue kwa ajili ya ukuta, tengeneza mfereji kwanza.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi hapa Morogoro, tulipanda Uluguru na wenzangu tukakusanya vitu vingi kwenye mawe ya mtoni na magome. Tatizo ni vile vyenye majani ya pande mbili tu, kushoto na kulia. Wenzangu wanasema vyote ni Fissidens. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Wenzako wamekariri. Majani kupangwa safu mbili hakutoshi, nusu ya vitu vya Uluguru viko hivyo.

Rudi kwenye simu na tone la maji. Jani la Fissidens lina mshipa wa katikati unaoonekana wazi, na sehemu ya chini ya jani imegawanyika ikawa mfuko unaokumbatia shina na kushika chini ya jani linalofuata. Ule mfuko hauna mwingine. Ukiona mfuko, umemaliza. Ukiona jani la mviringo, pembeni lina vijimeno, halina mshipa hata kidogo, hicho wala si kigoga, ni hepatika yenye majani, kundi jingine la vimea vidogo lililo jirani na vigoga, na kwa huko kwenu Plagiochila ni ya kwanza kuifikiria. Hepatika za namna hii hazina mshipa wa kweli kwenye jani, hii kanuni inakupeleka mbali sana.

Halafu zile bapa za rangi ya kahawia iliyoiva au nyekundu nyeusi, zimebana kwenye gome mpaka zinaonekana zimechorwa? Geuza. Usipogeuza hutajua kamwe. Kama chini ya kila jani kuna kijimfuko kidogo umbo la kofia ya chuma, hiyo ni Frullania, hepatika nyingine. Vikopo vyao navyo ni tofauti kabisa: cha kigoga kinakaa juu ya kijiti kigumu, kinadumu wiki mpaka miezi, kina kifuniko na kwa kawaida meno. Cha hepatika kinabebwa na kijiti cheupe laini kinachonyauka haraka, na kikopo chenyewe kwa kawaida ni cheusi au kahawia na kinapasuka vipande vinne. Kwa hiyo ukikuta vijiti vingi vikavu vya mwaka uliopita bado vimesimama, una kigoga mkononi.

Na ninyi mlioko Morogoro mna bahati ambayo sijui kama mnaijua. Tamás Pócs, mtaalamu wa Hungary aliyefanya kazi hapo hapo Morogoro, alichapisha mwaka 1980 vipimo vya misitu miwili ya Uluguru. Kwenye ule msitu mfupi wa juu unaoishi mawinguni, vitu vyote vinavyoota juu ya miti, na vigoga na hepatika wakiwa sehemu kubwa, vikikaushwa vilifika kama tani 14 kwa hekta, na mvua ikinyesha vinaweza kushika lita kama 50,000 kwa hekta hiyo moja kabla ya kuachia kidogo kidogo. Maji ya Uluguru yanashuka Ruvu, na Ruvu ndo inayonywesha Dar. Watu wa Dar wanaolipia bili ya maji kila mwezi wangeambiwa hili mapema pengine wangeuliza kuhusu ukataji miti kule juu kwa sauti kubwa zaidi.

Skauti walitufundisha kigoga kinaota upande wa kaskazini wa mti, ukipotea unajua njia. Mbona Nairobi kiko kila upande? (Msomaji, Nairobi)

Hiyo imetoka Ulaya na Marekani kaskazini, kule jua liko kusini mwaka mzima kwa hiyo kaskazini ni kivuli. Sisi tuko kwenye ikweta, jua miezi fulani liko kaskazini yetu na miezi mingine kusini. Kigoga hapa kinafuata upepo wa mvua, kivuli cha majirani, na kama mti umeinama kinafuata upande wa juu ambao maji yanateremkia. Kilimanjaro kwa mfano miteremko ya kusini ndo yenye mvua nyingi. Ukipotea tumia simu.

Mimi niko Leeds, Uingereza, mtoto wangu ana kazi ya shule ya vigoga. Kwenye ukuta wa mawe na mti wa bustani kuna viwili vinatambaa, vyote kijani, naomba tofauti ya haraka. (Mama, Leeds)

Mama hodi, haraka haraka: majani yakiwa yamepinda yote upande mmoja kama mundu, tawi linaonekana limesukwa, na jani halina mshipa, mwambie mtoto aandike Hypnum cupressiforme. Majani yakiwa yamenyooka, mapana, na mshipa mmoja unafika katikati ya jani, ni Brachythecium, na kwa bustani za huko B. rutabulum ndo ya kwanza kushuku. Huyo Hypnum tunaye hata kwenye milima yetu, kwa hiyo mwalimu wa mtoto akitaka mfano wa mmea wa mabara mawili mnao.

Mimi ni mpagazi, napanda Kilimanjaro mara nyingi. Kule juu mawe yana vitu vyeusi vinafanana na masizi na vingine vya kijivu vyenye nywele. Wageni wanauliza, mimi nasema "mimea ya mawe" basi. Nipe jibu la kuwaambia. (Mpagazi, Moshi)

Pole na kazi kaka. Jibu lako si baya lakini una nafasi ya kuwashangaza.

Vile vyeusi au vyekundu vya kuiva, vifupi, vinavunjika ukivisugua kwa kidole, ncha za majani hazina nywele: Andreaea. Tafuta kikopo chake maana hakuna kinachofanana nacho humo juu. Hakina kifuniko kinachodondoka. Kinapasuka pembeni mipasuko minne huku juu kumebaki kumeshikana, kikikauka mipasuko inatanuka, kikilowa inajifunga. Una chupa ya maji kwenye begi, mwagia tone moja mbele ya mgeni, mpe lenzi, halafu kaa kimya.

Vile vya kijivu vimejikusanya kama vijimto, na ukijivu wenyewe ni nywele nyeupe kwenye ncha za majani, kwa sehemu kubwa ni Grimmia. Kikopo chake ni cha kawaida, kifuniko kinatoka, kuna meno. Na wakikuuliza zaidi waambie habari za Mlima Kenya, kule juu kuna vigoga vya aina hiyo visivyoshika jiwe wala udongo, vimekuwa mipira, kwa sababu usiku barafu inainuka kutoka kwenye udongo na kuvisukuma, mchana inayeyuka, kesho tena, vinageuka geuka mpaka vinakua pande zote.

Usivibandue lakini. Ndani ya hifadhi sampuli ni kwa kibali, na kwenye baridi ile vinakua polepole mno. Picha zinatosha: moja kwa mbali ionyeshe jiwe, moja karibu ikiwa kavu, moja ikiwa imelowa, na moja ya kikopo. Wale wenye vibali, na wale mnaookota kwenye mashamba yenu wenyewe, msiweke kwenye nailoni, vinaota ukungu. Kunja bahasha ya gazeti au khaki, acha kikauke chenyewe kivulini, hakiharibiki, hata baada ya miaka ukikirudishia maji majani yanafunguka na unaweza kukichunguza. Juu ya bahasha andika kilikuwa kwenye mti gani au jiwe gani, kimo kutoka chini, mwinuko wa mahali na tarehe, maana ukipeleka kwenye mkusanyo wa mimea Nairobi au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam bila hayo, swali la kwanza watakalokuuliza ni hilo hilo.